Jino la Mzee Hatibu

Siku hizi mchele unanunuliwa kwa macho, kama mtumba. Zamani soko la Nyasubi lilikuwa na jino la Mzee Hatibu, mnunuzi wa mchele. Aling'ata punje moja, akatema, akakutajia bonde ulikotoka, siku ulizoanikwa, na kama mwenye mali aliunyunyizia maji ili uongeze uzito. Wakulima walimwogopa kuliko katibu tarafa. Na jino lenyewe lilikuwa moja tu, la kushoto. Mengine yalikwisha kustaafu.

Mwaka themanini na saba, mwanamke mmoja mkulima, Mageni, mama yake Bujiku, alishusha magunia mawili mbele yake.

"Shikamoo mzee. Leo sijaja kwa ajili ya bei. Wachimbaji wanaosha dhahabu juu ya majaruba yangu, na maji yao ya zebaki yanashukia kwenye mpunga. Bata wangu wamekufa wote. Bwana afya kasema zebaki ikipita kwenye chakula inamdhuru mtoto tumboni. Mkamwana wangu Esta ana mimba ya miezi sita, na anakula mchele huu huu. Ng'ata uniambie."

Hatibu akang'ata. Mtamu, mkavu, haukatiki ovyo: mchele wa kuozeshea binti. Akang'ata punje ya pili. Ya tatu akaing'ata macho kayafumba.

"Mzee, usiumalize!" akapaza sauti Valerian, mchukuzi wa magunia. "Mama kaja kuuza, hajaja kukulisha!"

Watu wakacheka. Neno "safi" lilikwisha kumfika Hatibu ulimini. Miaka thelathini lilikuwa likimtoka lenyewe, kama kikohozi. Akamtazama Mageni, akalimeza.

"Mama Bujiku, jino hili linajua unyevu, mchanga na uongo wa wakulima. Zebaki halijui."

"Nikiuosha mara saba?"

"Kama imo ndani ya punje, utaiosha na nini? Usimpe Esta. Mpe ugali wa mtama, mpe michembe. Viazi vikavu ndivyo vilivyotukuza sisi, kabla ninyi hamjaanza kuvionea haya."

"Na magunia?"

"Mimi sinunui."

Kabla ya alasiri kijana mmoja mwenye lori aliyanunua yote mawili. Hakung'ata hata punje. Aliuliza tu kama mchele ni mweupe. Valerian akapakia huku akipiga mluzi.

Hatibu akamfuata Mageni kwenye meza ya michembe. "Mama, umeuza?"

"Mzee, Esta ni mkwe wangu," alisema Mageni, akikaza fundo la khanga. "Hao watakaoula wana mama wakwe zao."