Shibiri Moja ya Bahari na Maharage Yangu

Jambo lile lilinigharimu magunia tisa ya maharage na mbuzi jike mmoja. Wa pili bado nadaiwa.

Ulikuwa mwaka wa ile mvua iliyokataa kukatika. Kabla haijaanza, nilikuwa nimenunua maharage Uru nikayaweka kwenye stoo yangu ya Soweto, mtaa wa bondeni mjini kwetu, nikingoja bei ipande. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa jiografia Kibosho, huko juu mlimani, akashuka kuja kunionya.

"Shemeji, hamisha mzigo. Setilaiti imepima bahari. Upande wa pili wa dunia maji yamepata joto, yamevimba shibiri nzima. Itanyesha hapa mpaka uchoke."

"Shibiri? Na mawimbi je, wanayashika yatulie?"

Akanieleza: chombo kinatuma mapigo ya rada, yanagonga maji, yanarudi. Muda wa kwenda na kurudi ndio unaotoa umbali. Mapigo ni mengi mno, kwa hiyo wimbi moja halidanganyi.

Mimi ni mtu wa mizani. Nimeibiwa zaidi kwenye uzito wa gunia tupu kuliko kwenye mzigo wenyewe. Nikauliza, "Na chombo chenyewe, nani kakipima kiko juu kiasi gani?"

"Vituo vya ardhini vinakifuatilia. Unachukua kimo chake, unatoa umbali, kinachobaki ni kimo cha bahari."

"Yaani kilomita elfu na ushee, utoe kilomita elfu na ushee, ubakiwe na shibiri? Mtu akipiga chafya hapo katikati?"

"Ndiyo maana kinarudi kupima palepale, tena na tena."

Hilo lilinigusa; mimi pia huhesabu mara mbili. Ningemwamini kabisa, asingeongeza kwamba ana banda tupu Kibosho, kodi mbuzi mmoja tu mpaka Krismasi. Kumbe setilaiti ina dalali!

Nikahamisha nusu, ili atakayekuwa mwongo, bahari au shemeji, anipate nusu tu.

Mvua ikaja. Stoo ya Soweto iliingia maji, maharage yakachipua ndani ya magunia kana kwamba nimeyapanda. Ya Kibosho yalibaki makavu, ila barabara ilikatika, na Krismasi ikapita yakiwa hukohuko.

Nilipoyafuata, shemeji alisimama mlangoni. "Muda umezidi. Mbuzi wa pili."

"Barabara imekatwa na mvua yako!"

"Si nilikuonya?"

Niliondoka na mzigo kwa ahadi. Miaka imepita, na kila tukikutana kwa wakwe hutazama nyuma yangu, kana kwamba naburuta mbuzi kwa kamba. Wewe uliyewahi kukodi kwa shemeji, nishauri: nimpelekee huyo mbuzi, au nimwambie akaidai bahari?