Kupanda Mponde Kuitazama Saksofoni Isiyo na Jina

Sikupanda milima ya Usambara kupunga upepo, ingawa majirani zangu wa Tanga waliponiona na sweta mkononi walinitania kwamba nimepata mchumba Mshambaa. Safari yangu ilitokana na simu. Mwanamke aliyejitambulisha kuwa Mama Upendo, kutoka vijiji vya chai karibu na Mponde, aliniambia: "Fundi Mwanaidi, namba yako nimepewa na wapiga matarumbeta. Mume wangu wanasema masikio yake yamekufa. Njoo uitazame saksofoni anayopuliza, maana Jumapili hii nafasi yake anapewa mwingine."

Mimi natengeneza matarumbeta, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba. Masikio sitibu. Lakini mama yule alinieleza taratibu, nami nikasikiliza. Mumewe, Mzee Elia, alipuliza tarumbeta la besi katika bendi ya usharika wao wa Kilutheri tangu ujana wake. Mwaka jana usharika ukanunua saksofoni ya mtumba, akakabidhiwa yeye kwa heshima, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sikio kama lake. Tangu siku hiyo anapuliza nje ya sauti. Kiongozi amemsimamisha, na mzee mwenyewe ameamini kuwa ni uzee. "Hata nyumbani haimbi tena," alisema Mama Upendo. Nilifunga bisibisi zangu kwenye kanga.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi. Tukapita Muheza na machungwa yake, tukapita Korogwe na mkonge. Mombo niliteremka, jua linawaka, nikanywa chai kando ya barabara na kupanda gari la Soni. Kutoka hapo njia inapanda ikijikunja, mkono mmoja mwamba, mkono mwingine bonde ambalo sikulitazama. Nilikishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya karoti akanionea huruma. "Dada, hicho kiti kiache," alisema. "Tukianguka, nacho kinaanguka."

Soni nilibadilisha gari tena. Njia ya Bumbuli ni ya vumbi jekundu, na kadiri tulivyokwenda ndivyo nilivyolishukuru sweta langu. Chai ilikuwa imefunika vilima vyote, na ukungu ulikuwa unaingia mashambani mchana kweupe.

Saa nane nikafika. Mzee Elia alikuwa uani anafunga kamba miti ya uzio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Wamekusumbua bure."

Mama Upendo alitupakulia ugali, maharage na mnavu, akamsemesha mumewe Kishambaa kwa sauti ya kubembeleza. Yeye akajibu kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Saksofoni ni nzima. Iliwekwa wakfu madhabahuni, mchungaji akaiombea, sote tukasema amina. Mbovu ni mimi."

Hapo nikaelewa fundo lilipo. Usharika ule, chombo kikishaombewa madhabahuni hakisemwi vibaya. Tena aliyewauzia alisema kiliachwa na mmisionari wa Kijerumani. Basi miezi minane watu walimchunguza mzee, saksofoni hakuna aliyethubutu kuichunguza. Niliumia, kwa sababu mbele yangu alikaa mtu anayeomba radhi kwa kosa lisilojulikana bado ni la nani.

Jumamosi asubuhi tulikutana kwenye stoo ya kanisa, Mzee Elia akabaki mlangoni. Kiongozi wa bendi, Mwalimu Hoza, anafundisha shule ya msingi, na huongea kama yuko darasani saa zote. Alifungua sanduku polepole. "Fundi, tazama," alisema, "ila uitazame kwa adabu."

Niliigeuza dirishani. Kwenye mdomo wake mpana hapakuwa na jina. Nyuma, pale kidole gumba kinapokaa, hapakuwa na namba. Kiwanda kinachojiheshimu hakikosi kuandika jina lake, nami sijaona Mjerumani aliyeona haya kusaini kazi. Nilibonyeza kifuniko kimoja kwa kidole, kikapinda. Shaba ilikuwa laini, madoa ya risasi ya kuchomelea yamevimba kila kiungo. Nikafunga dirisha, nikazima taa, nikaingiza tochi ya simu ndani ya bomba na kufunga vifuniko vyote. Mwanga ukachungulia kila mahali, maana kingo za matundu zilikuwa zimekwenda upande.

Kisha nikakiona kifuniko cha tano. Ndani yake kulikuwa na ngozi nyekundu.

Ngozi ile niliikata mwenyewe kwenye mkoba wangu wa zamani. Nikakumbuka yote. Dalali mmoja aliniletea saksofoni ile dukani mwaka jana, ana haraka, akataka nibadilishe ngozi ya kifuniko kimoja tu iliyochanika. Nikabadilisha. Niliona siku ileile kwamba ni takataka. Hata kuipuliza sikuipuliza. Nikasema moyoni, mali si yangu, nikamrudishia.

Nilikaa kwenye benchi. Mwalimu Hoza akauliza kama naumwa na baridi. Ningeweza kusema ndiyo, nikataja ubovu wa chombo na kwenda zangu. Lakini mficha uchi hazai, na mwenye kulipia uchi wangu alikuwa yule mzee mlangoni.

Mazoezi yalianza saa tisa, bendi nzima imekaa kwenye viti. Nilimwomba Mwalimu Hoza aipulize yeye.

"Mimi si mpiga saksofoni."

"Vidole unavijua. Puliza tu, mwalimu."

Akapuliza, na mpiga tarumbeta akamfuata. Noti za chini zilipatana, kwenye za juu saksofoni ikapanda peke yake. Nikarekebisha kipande cha mdomoni mpaka za juu zikapatana, za chini zikazama. Tukarudia mara tatu. Mwalimu Hoza alitokwa jasho kwenye baridi ile.

"Matundu yalitobolewa mahali pasipo pake," niliwaambia. "Hata malaika hawezi kuipatanisha. Mungu hakukosea kuibariki, aliyeitengeneza ndiye aliyekosea. Na mimi pia nimekosea." Nikawaonyesha ngozi nyekundu, nikawaeleza ya dalali, sikubakiza kitu.

Mzee Elia aliinuka akaja mbele yangu.

"Siku ile uliiona kuwa mbovu?"

"Niliiona, baba."

"Mimi miezi minane namwomba Mungu anirudishie masikio." Alitikisa kichwa. "Nimekusamehe, mwanangu. Ila leo usinisemeshe tena."

Sikumsemesha. Usiku ule Mama Upendo aliniletea blanketi la pili, akanishika mkono.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma na ushungi wangu, mgeni wa dini nyingine aliyekaribishwa vizuri. Bendi ilipokuwa inajiandaa, Mwalimu Hoza alisimama mbele ya Mzee Elia, ambaye alikuwa ameshika besi lake la zamani. Akamwamkia shikamoo kwa sauti iliyosikika kanisa zima. Halafu akasema, "Mzee, tupe sauti." Mzee akafumba macho, akaimba noti moja, na matarumbeta yote yakajipima kwake. Nililia waziwazi.

Jumatatu nilishuka kwa lori la kabeji hadi Mombo, jioni nikawa nyumbani.

Kesho yake dukani alikuja kijana mmoja na tromboni isiyo na jina, anataka niunyooshe tu mkono wake wa kuteleza. Niliipuliza kwanza. Nikamwambia ni mbovu, haitengenezeki. Akakasirika, akaichukua na kutoka. Zamani ningerudi kwenye kazi zangu. Safari hii nilivaa ndara, nikamkimbilia mpaka barabarani kumuuliza anampelekea nani.