Kiti cha Kando ya Mercyline

Rachael Nabwire hupanga vitabu katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Kisumu, ghorofa ya pili, upande wa madirisha yanayotazama ziwa. Ni mwanamke wa Busia, mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Chini ya meza yake kuna mfuko wenye suruali ya mazoezi, fulana, nguo za ndani mpya, malapa na leso. Huo ni mfuko wa kazi yake nyingine, isiyo na mshahara. Msichana wa chuo akibakwa na akapiga simu kwa kikundi chao, mmoja wao humkuta hospitalini na mfuko kama huo. Nguo alizokuja nazo hubaki kwa daktari na polisi, ndani ya bahasha za karatasi, na hakuna anayetaka kurudi hosteli akiwa amejifunga shuka la wodi.

Kikundi kina sheria moja wanayoiheshimu kuliko zote. Msichana ndiye anayechagua nani akae naye, kwa daktari, polisi au mahakamani. Anaweza kubadilisha mawazo wakati wowote, na anayeachwa haulizi kwa nini. Nabwire amewafundisha sheria hiyo wote waliojiunga baada yake. Ilikuwa rahisi kuifundisha, kwa sababu hakuna msichana aliyewahi kumwacha.

Mercyline alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, huko Asembo Bay. Asubuhi ile ya Jumapili Nabwire alipomkuta wodini, msichana alimshika kifundo cha mkono, akakishikilia daktari alipokuwa akifanya kazi yake, akakishikilia hadi kituo cha polisi. Pale polisi walichukua simu ya msichana, kwa kuwa ilikuwa na jumbe za yule kijana wa mwaka wa nne aliyemfanyia unyama ule. Askari wa dawati la jinsia akaomba namba ya kumpata shahidi. Nabwire akatoa yake. Kila mtu kikundini anajua hilo halifanywi, kwamba namba iwe ya msichana mwenyewe au ya ofisi. Alijiambia atairekebisha. Hakuirekebisha, na kama angeulizwa angesema amesahau.

Alimpeleka kwake, mtaa wa Nyalenda, akampashia maji, akamwosha nywele katika karai. Miezi iliyofuata alimpeleka kliniki na kumngoja nje ya chumba cha mshauri. Katika nyumba yake, ambamo alizaa wavulana pekee, alianza kuchagua chapati iliyoiva vizuri na kumwekea Mercyline kando.

Kisha akaja Winny. Winny alikuwa amemaliza chuo hichohicho, anafundisha sekondari Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa, na kila Jumamosi alishuka mjini kujitolea. Alikuwa na kucha za rangi na alichelewa mikutano. Wasichana aliwaita "sista." Nabwire hakumwona kuwa mtu wa kazi hii.

Jumamosi moja Nabwire alikuwa akipanda ngazi za ofisi ya kikundi, chapati mkononi, aliposikia kicheko. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mtu anayeshika tumbo. Alipofungua mlango alimkuta Mercyline, machozi ya kucheka machoni, na Winny akiigiza mwalimu mkuu wake. Kicheko kikazimika.

"Karibu, Mama Nabwire," Mercyline akasema, akiketi vizuri kama aliye kanisani.

Siku hiyohiyo, akiangalia sakafu, msichana alisema kwamba kesi ikifika angependa Winny ndiye akae kando yake.

"Sawa," Nabwire akasema. "Ni haki yako."

Nyumbani, mumewe Wechuli, fundi wa mageti, alimtazama akisonga ugali.

"Nabwire, nani amekuletea mke mwenza?"

"Nyamaza wewe."

"Mimi nimenyamaza. Ni hiyo sufuria inapiga kelele."

Hakucheka. Alikuwa akijiuliza Winny ana nini. Nani aliyeona damu kwenye lile shuka? Ni mkono wa nani uliobaki na alama za kucha? Halafu mwingine anakuja na vichekesho, na anapewa kile ambacho yeye alikingojea tangu mwanzo bila kukiomba.

Adhuhuri ya Jumatatu moja simu yake iliita. Ilitoka mahakamani. Kesi ya Mercyline itasikizwa kabla ya tarehe iliyopangwa, shahidi afike kesho asubuhi.

Nabwire aliteremka kutoka maktaba, akavuka uwanja kuelekea hosteli, na njiani jambo likajipanga lenyewe kichwani. Winny yuko Muhoroni, darasani. Nani angemlaumu mtu kwa kumkosa?

Mercyline alikuwa akikunja nguo kitandani.

"Kesi ni kesho."

"Winny anajua?"

"Winny yuko kazini, hataweza kuja. Nitakaa na wewe mimi."

Mercyline akaacha blauzi ianguke. "Basi siendi," akasema.

"Usipotoa ushahidi, yule kijana anaweza kuachiliwa. Unajua hilo?"

"Najua, Mama."

"Kwani mimi nimekukosea nini?"

Swali lilikuwa limeshatoka. Ndilo lilelile alilowakataza wengine.

"Hujanikosea." Mercyline alisema polepole. "Wewe uliniona siku ile. Nikiangalia uso wako naona wodi. Naona ule mwanga wa taa ya daktari. Winny hakuniona hivyo. Nikiwa na yeye mimi ni Mercyline tu."

Nabwire alitaka kusema kwamba uso si kosa lake. Alitoa simu, akapiga akiwa amesimama palepale.

"Winny, kesi ni kesho asubuhi."

"Kesho? Ai, Mama! Na ndio naambiwa saa hii? Ngoja nimwone mwalimu mkuu. Akikataa nakuja tu, atanifuta kazi huko mbele."

Sauti ya Winny ilijaa chumba kizima. Mercyline alikuwa amesikia kila neno. Alielewa kwamba hiyo ndiyo simu ya kwanza Winny kupigiwa. Alimtazama Nabwire, kisha akaokota blauzi yake na kuendelea kuikunja.

Winny alifika mahakamani mapema, kabla hata karani hajafungua mlango, viatu vimejaa vumbi la barabara za miwa. Kesi ilipoitwa, hakimu aliamuru watu watoke. Shahidi angesema faraghani, na mtu mmoja tu wa kumtia moyo angebaki. Nabwire alisimama pamoja na wengine. Alipogeuka mlangoni aliona mkono wa Mercyline umeshika kifundo cha mkono wa Winny.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini. Shangazi wa mshtakiwa, aliyekaa mbele yake, alisema kwa sauti ili asikike, "Ndio hawa wanazunguka wakiharibia watoto wa watu maisha." Nabwire alimsikia kama mtu aliye mbali. Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Je, Winny anajua kwamba msichana huyu akinyamaza hajamaliza, anatafuta tu neno? Anajua asimguse begani?

Mlango ulifunguliwa jua likiwa limeshapanda. Winny alitoka kwanza, rangi aliyopaka machoni imechuruzika kwa machozi.

"Amemaliza, Mama. Amesema yote. Hata wakili wa yule kijana alipomzungusha kwa maswali, alijibu."

Nabwire alifurahi, na kwa kweli alifurahi sana. Lakini kilichotangulia furaha kilikuwa ule wivu, naye akauacha upite.

Juu ya ngazi jamaa wa mshtakiwa walikuwa wamesimama, wengi, wakiziba njia. Mercyline akasita mlangoni. Nabwire akainuka, akapanua mabega yake mapana, akawapa Mercyline na Winny mgongo.

"Nifuateni," alisema.

Akatangulia kupenya katikati ya wale watu, akisikia nyayo za watu wawili nyuma yake, na hadi walipofika barabarani hakumgeuzia Mercyline uso wake.