Uji Ambao Sikuuonja

Mama mkwe wangu amekataa uji wangu leo.

Asubuhi nilienda kliniki Thika, mimba yangu ikiwa kubwa, sababu ya vidonda vya homa vilivyonitoka mdomoni.

Nesi akanipa mafuta. "Paka haya tu. Nawa mikono. Na mtu asinywe mahali mdomo wako umegusa."

Kurudi Ruiru, mama mkwe yuko mlangoni. Amekuja kunizalisha.

Nikampa kibuyu cha uji.

Mnajua kwetu mpishi huonja kwanza, mgeni akiona. Mimi sikuonja.

"Onja," akasema.

"Siwezi, mama. Mdomo ni mgonjwa, nesi amenikataza."

"Nesi gani anakataza mtu kuonja uji wake mwenyewe?"

Akaweka kibuyu chini polepole, akachukua kiondo chake, akaenda.

Kumbe ningejimiminia kidogo kwenye kikombe, nionje mbele yake. Wazo hilo limenijia akiwa ameshapotelea kwenye mibuni.

Majirani walikuwa wanatazama. Kufika jioni watasema nilitaka kumpa sumu mama wa bwana wangu.

Nesi amesema mdomo utapona.

Sasa niambieni, mtoto atapokelewa na nani?