Injini ya Noela hufunguliwa kila anaposhinda

Saa kumi na moja jioni, Jumapili, nje kidogo ya mji wa Makambako. Watu wanakunja viti vyao na kuondoka uwanjani. Upepo wa baridi umeanza kuvuma, na Noela Mligo, ambaye ametoka kushinda mbio za magari madogo, amevaa ovaroli na kuinamia gari lake. Anafungua injini yake mwenyewe, bolti moja baada ya nyingine.

Hafanyi hivyo kwa kupenda. Amewekewa pingamizi.

Katika mbio hizi, zinazofanyika kwa zamu Makambako na Njombe, kanuni inataka kila gari lishindane na injini ileile ambayo lilitoka nayo kiwandani. Kutanua silinda au kuweka pistoni kubwa ni marufuku. Dereva anayemshuku mwenzake hulipa ada ya pingamizi, shilingi laki mbili, na injini hufunguliwa hapohapo uwanjani. Ikikutwa na kosa, aliyelalamika anarudishiwa ada yake na mshindi ananyang'anywa ushindi. Ikikutwa safi, ada inakwenda kwa mwenye gari, kufidia usumbufu na gasketi, ambayo huharibika injini ikifunguliwa.

Mkaguzi, Abrahamu Msigwa, fundi mstaafu wa malori, anaingiza kipimo kwenye silinda, anasoma, anarudia. Kisha anawatangazia waliobaki kwamba injini ni safi. Madereva watatu waliochangishana ada wanatikisa vichwa, wanapanda magari yao na kuondoka. Hakuna aliyempa mkono.

"Wenzangu wakishinda wanakwenda kula nyama choma," anasema Noela bila kuinua kichwa. "Mimi nikishinda nabaki hapa na spana."

Noela, mwenye umri wa miaka 39, ni mzaliwa wa Mahongole na fundi wa injini katika gereji iliyo karibu na njia panda ya kwenda Songea. Kazi alifundishwa na mjomba wake baada ya kumaliza kidato cha nne. Mjomba alipofariki alimwachia vifaa pamoja na gari dogo bovu, ambalo Noela alilifufua na kuanza kushindana nalo.

Ndoa yake ilivunjika zamani na hakujaliwa mtoto. Anaishi peke yake nyuma ya gereji. Madereva wa malori wanamwamini, wanamwita fundi, wanalipa na kuendelea na safari. Wengi hawajui jina lake.

Zamani alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wao wa Kilutheri. Mbio zilipoanza kufanyika Jumapili akakosa mazoezi, kisha akakosa ibada, na mwisho sare yake akapewa mwingine. Mama yake, Eveline, anayelima viazi Mahongole, anasema mwanzoni watu walikuwa wakimuuliza aliko Noela.

"Siku hizi hawaulizi," anasema mama huyo.

Noela anasema aliyazoea hayo yote, mpaka mbio za mwisho za msimu uliopita, zilizofanyika Njombe.

Siku hiyo alishindwa. Hilary Sanga, dereva mgeni kutoka Makete ambaye hakuwahi kuchangia ada ya kumpinga mtu, alimpita kwenye mlima wa mwisho kana kwamba gari la Noela limesimama. Noela hakuamini. Anazijua injini za aina ile, na kwa hesabu yake hakuna ambayo ingepanda vile bila kuchezewa. Alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya waandaaji na kulipa ada.

Hilary alifungua injini yake kimya. Hakuwa na ndugu wala rafiki pale. Ukungu ulikuwa umeanza kufunika uwanja wakati Msigwa alipopima na kutoa jibu: injini ilikuwa safi. Alichokuwa nacho Hilary ni gari lililopunguzwa uzito kwa njia halali, na mkono mzuri wa kubadilisha gia.

Watu wakaondoka. Noela alimfuata, akaomba radhi, akajitolea kumsaidia kufunga.

"Dada, umeshaniita mwizi mbele za watu," Hilary alimjibu. "Niache nifunge mwenyewe."

Noela alirudi garini kwake. Angeweza kuondoka, lakini anasema miguu ilikataa. Alikaa akimtazama kijana yule akihangaika, mikono imekufa ganzi kwa baridi, akifanya kila kitu ambacho yeye mwenyewe amekifanya peke yake mara nyingi. Ilipofika zamu ya kurudisha silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, upepo ukawa unaisogeza gasketi kila anapoinua chuma kile kizito.

Noela akashuka, akashika upande wa pili. Safari hii Hilary hakumkatalia. Walifunga hadi bolti ya mwisho bila kuzungumza. Gari lilipowaka, Hilary alimpungia mkono na kushika njia ya Makete.

Hakurudi tena. Kwa simu, Hilary anasema aliliuza gari lake Ludewa kwa sababu hakuona raha ya kushinda namna ile. Hata hivyo, kuna jambo hajalisahau. "Wengine wote waliondoka," anasema. "Yeye alibaki."

Noela anaweka spana chini anaposikia habari za gari kuuzwa.

"Ndiye pekee aliyewahi kunishinda kihalali," anasema. "Ningekuwa na mtu wa kushindana naye. Nilimfukuza mwenyewe."

Mwezi ujao madereva watakutana Makambako kupitia kanuni za msimu mpya. Noela anataka kuongeza moja: anayeweka pingamizi asiondoke uwanjani mpaka injini aliyoipinga ifungwe na kuwaka. Msigwa ameahidi kumuunga mkono. Shedrack Mwalongo, mmoja wa madereva wanaompinga mara kwa mara, anaona ni usumbufu, kwani baridi ya huku ni kali na watu wana familia zinazowasubiri.

Noela amempigia Hilary kumwomba aje kwenye mkutano huo, hata kama hana gari. Hilary amesema atafikiria.

"Sisemi wasinipinge," anasema Noela. "Wanipinge tu. Ila wabaki."