Mpiga Mayowe

Kazi yake ni kupiga mayowe. Anakaa nyuma ya ukuta mwembamba akifuma sweta ya mtoto wa dada yake, na kila taa nyekundu inapowaka, ujue mtu wa chumba cha pili amebonyeza kitufe akiamini anampiga shoti ya umeme. Hapo yeye hulia, “Nakufa jamani!” bila kukosea hata kitanzi kimoja cha sweta. Baadaye hupoza koo kwa maji ya vuguvugu na kumtania profesa, anayechunguza watu hutii amri mpaka wapi: “Leo nimekufa vizuri, au vipi mwalimu?”

Leo aliyeketi kule ni mzee, anahema kwa shida. “Binti yangu, nisamehe,” anasema kupitia ukuta. “Wameniambia niendelee.”

Sindano zinasimama. Anatamani kumwambia: baba, siumii, inuka ujiendee zako kabla moyo haujakusaliti. Anamgeukia profesa aliye mlangoni. Profesa anatikisa kichwa, kidole mdomoni.

Taa nyekundu inawaka. Mwanamke anafumba macho, kisha anapiga yowe kama alivyoagizwa.