Kipa Amecheza

Miaka ile ya Hali ya Hatari, mtu wa Ruiru hakufika Thika bila pasi ya serikali, na pasi za timu yetu ya shamba la kahawa zilikuwa za kwenda mpirani tu. Mimi nilikuwa kipa. Mama yangu aliishi Majengo, Thika, nyuma ya uwanja. Tukiwashinda Thika siku waliyokuja kwetu, mechi ijayo ingekuwa huko, nami ningechomoka kidogo nikamwone. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Siku zile maneno yalifungisha watu.

Tukiongoza kwa bao moja, Thika wakapewa penalti dakika za mwisho. Kipa hakuruhusiwa kusogeza miguu kabla mpira haujapigwa. Akitangulia, penalti inarudiwa. Refa aliangalia mpira. Miguu yangu iliangaliwa na mshika kibendera, mtu wa Thika, mrefu, ambaye nilimshuku tangu alipoteremka kwenye lori. Alichuchumaa kando ya goli akavikodolea macho vidole vyangu, maana tulicheza pekupeku na mstari ulikuwa wa majivu.

Niliudaka mpira. Kugeuka, kibendera kiko juu.

Refa, kijana wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, akaja kuuliza kuna nini.

"Kipa amecheza, bwana," akajibu yule mtu.

Kwetu mguu ukitikisika tunasema umecheza. Mzungu alijua kucheza kwa aina moja.

"Ndiyo, amecheza mzuri sana," akasema, akapuliza filimbi ya kumaliza.

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Angeweza kusema nimesogea, au nimetangulia, au aonyeshe kwa mguu wake mwenyewe. Kwa nini achague neno lile? Alikunja kibendera, akapita karibu nami.

"Haya, sasa utamwona mama yako," akaninong'oneza.

Nilishikwa na hofu. Nani alimwambia? Nikaamua anataka nitoke uwanja wa Thika ili anikamatishe.

Jumamosi iliyofuata tulicheza Thika. Lori likisubiri, nikashindwa kujizuia, nikapita njia ya Majengo. Mama alikuwa ameketi mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani. Nikajua ameambiwa nakuja, na badala ya kufurahi nikatazama kila kona kumtafuta aliyemwambia.

Mama akasimama, akatabasamu. Nikageuza uso, nikampita kama simjui.